Taa za joto kwenye gari la mtumba: maswali ninayoulizwa kila wiki Kampala

Kwa miaka kadhaa nilikuwa dereva wa transiti. Tulikuwa tunatoa magari bandarini Mombasa na kuyaleta kwa barabara hadi bondi za Kampala, yaani yadi za forodha ambako magari ya mtumba huuzwa. Siku hizi watu hunichukua nikawakagulie gari kabla hawajatoa pesa. Wengine hunipigia wakiwa wameshatoa, na hao ndio wengi. Simu huanza vilevile: "Kaka, kuna taa imewaka." Haya hapa ndiyo maswali yanayojirudia na majibu ninayotoa, yakiwemo yale yanayowaudhi wauzaji.

Nikiwasha gari asubuhi inatokea taa ya bluu yenye alama ya kipimajoto juu ya mawimbi. Nimeuziwa gari bovu?

Hapana. Kipimajoto ni joto, mawimbi ni maji, na rangi ya bluu inakuambia maji ya injini bado ni ya baridi. Kwenye magari mengi huzimika maji yakifika kati ya digrii 50 na 60, na kwa asubuhi ya Kampala hizo ni dakika chache tu za mwendo. Kabale, kwenye baridi ya milimani, saa kumi na mbili asubuhi, ongeza kidogo.

Huna haja ya kukaa uani ukiunguruma hadi izime. Mafuta yanaungua bure na majirani wanakununia. Washa, funga mkanda, ondoka taratibu. Jizuie tu kukanyaga mafuta kwa nguvu wakati bluu bado inawaka, kwa maana oili nayo ingali nzito.

Mbona gari langu halina mshale wa joto kama Corona ya mzee?

Waliolitengeneza waliuondoa. Passo, Vitz nyingi, Honda Fit na Nissan Note huja na taa mbili tu, bluu na nyekundu. Kati ya hizo mbili hakuna kinachowaka, na hiyo ndiyo hali njema.

Watu wanaulilia mshale, lakini wenye mshale nao wasijidanganye. Kwenye magari mengi umepangwa makusudi ubaki katikati kuanzia digrii 80 hivi mpaka kupita 100, ili mwenye gari asihangaike kila joto linapocheza kidogo. Ukiuona umeanza kupanda juu ya nusu, jua mambo yalianza kuharibika kitambo.

Mwenye kutaka namba halisi anunue kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD (tundu la kusomea kompyuta ya gari) chini ya usukani, kinachoongea na simu kwa Bluetooth. Gari zima kwa kawaida husoma kati ya 85 na 95 likiwa mwendoni, hupanda kidogo kwenye foleni, kisha feni huwaka na kulirudisha chini. Mimi siendi kukagua gari bila hicho kidude mfukoni.

Nitajuaje kama taa nyekundu ni nzima, wakati sijawahi kuiona ikiwaka?

Natamani kila mtu aulize hili kabla ya kulipa. Geuza ufunguo hadi ON bila kuwasha injini. Kama gari ni la kubonyeza, bonyeza mara mbili bila kukanyaga breki. Taa za onyo zitawaka kwa pamoja, halafu nyingi zitazimika baada ya sekunde chache. Tafuta ile nyekundu ya joto kati yao, na ya njano yenye umbo la injini. Kwenye baadhi ya magari nafasi ni moja: inamulika nyekundu kwanza, kisha inageuka bluu injini ikiwa baridi. Taa ambayo haikuwaka hapo usiitegemee barabarani. (Gari lenye mshale huenda lisiwe na taa nyekundu ya joto kabisa, kwa hiyo usimgombeze mtu bure.)

Niliwahi kuitwa kukagua Passo moja ya rangi ya fedha, bei yake chini kuliko za wenzake waliopangwa nayo safu moja. Nilipogeuza ufunguo ziliwaka taa zote isipokuwa kona moja. Nikaegemeza shavu karibu na usukani, nikamulika tochi ya simu kwa upande. Nyuma ya kioo cha geji kulikuwa na kipande cha tepu nyeusi ya umeme, ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, kimekatwa kwa wembe kikakaa sawasawa juu ya ile alama. Pembe moja ilikuwa imeanza kubanduka kwa jua. Kijana wa bondi akaniambia, "Hiyo ilikuja hivyo kutoka Japani, ssebo." Mteja wangu alicheka, akarudisha bahasha yake ndani ya koti, tukaondoka.

Taa ya bluu haizimiki hata nikitoka Ntinda nikafika Entebbe. Si afadhali baridi kuliko moto?

Si afadhali. Mara nyingi maana yake ni kwamba thamostati imeng'olewa.

Thamostati ni mlango mdogo kati ya injini na rejeta, ile ya mbele ya gari inayopoza maji. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani kwa ndani mpaka yapate moto. Yakifika digrii 82 hivi (kwenye thamostati nyingi namba hiyo imechongwa pale pale kwenye bati) mlango unaanza kufunguka na maji yanakwenda kupoa kwenye rejeta. Gereji zetu nyingi wana imani kwamba kifaa hiki ni cha nchi za theluji. "Huku kwetu joto, hakina kazi." Wanakitoa, wanakitupa chini ya benchi, wanakurudishia gari.

Bila thamostati injini haifikii joto lake. Kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inaendelea kumwaga mafuta ya ziada, na wewe unashangaa kwa nini gari dogo linakunywa kama Noah. Oili haipati joto la kukausha unyevu, inageuka tope polepole. Ukipima kwa kompyuta huenda ukakuta kodi (namba ya hitilafu) P0128, ambayo kwa lugha nyepesi inasema maji hayafiki joto linalotakiwa.

Lakini swali la maana zaidi ni hili: ilitolewa kwa nini? Hakuna fundi anayeamka tu akang'oa thamostati ya gari lisilo na shida. Mara nyingi gari lilikuwa linachemsha, na kuitoa kulifunika tatizo kwa miezi kadhaa, muda wa kutosha kuuza. Kwa hiyo ukirudisha mpya, uwe tayari kuona ugonjwa wa zamani ukijitokeza: rejeta iliyoziba, pampu iliyochoka, feni isiyozunguka. Usimwache fundi akakuambia "unaona, nilikwambia" na kuitoa tena.

Mara chache thamostati ipo na kosa ni sensa au waya wake uliokatika. Hapo kompyuta inasoma baridi ya uongo, na kidude chako cha OBD kitakuonyesha namba ya ajabu, kwa mfano digrii 40 chini ya sifuri katikati ya Kampala.

Nyekundu imewaka na niko barabarani. Nifanyeje?

Toa mguu kwenye mafuta. Zima AC. Washa hazadi, toka barabarani mahali salama, weka pembetatu zako, au matawi ya mti kama tunavyozoea.

Ukiwa umebanwa kwenye foleni na huwezi kutoka papo hapo, fungua hita ya ndani hadi mwisho wa moto, feni yake juu kabisa, vioo vyote chini. Hita ni rejeta ndogo. Inanyonya joto la injini na kukumwagia wewe miguuni. Utaloa jasho, lakini umepata dakika moja au mbili za kutafuta pa kusimama. Isiwe sababu ya kuendelea na safari.

Ukishasimama, tazama. Kama kuna mvuke au maji yanamwagika chini, zima injini mara moja na usiguse boneti mpaka mvuke utulie. Kama hakuna mvuke na unasikia feni inazunguka, unaweza kufungua boneti na kuiacha injini ikinguruma taratibu, macho kwenye taa. Isipozimika ndani ya muda mfupi, zima.

Halafu subiri. Nusu saa kwa uchache, na zaidi ya hapo ni bora. Hapa ndipo watu wanapoungua. Rejeta imefungwa kwa presha, kwa hiyo maji yaliyomo yanaweza kuwa na zaidi ya digrii 100 bila kuchemka. Ukifungua kifuniko, presha inatoka na maji yote yanageuka mvuke kwa mpigo mmoja. Pale Lukaya nilimwona kijana amesimamisha Ipsum, wauza kuku wa kuchoma wamemzunguka kila mmoja na ushauri wake. Akakunja fulana, akaiweka juu ya kifuniko, akazungusha. Sikuona kifuniko kilikwenda wapi. Niliona maji ya rangi ya chai yakipanda juu kuliko boneti iliyofunguliwa, na fulana ikining'inia kwenye waipa. Alikuwa amegeuza uso kumjibu mtu, ndiyo salama yake. Mkono ulivimba hadi kiwiko, akakimbizwa kliniki kwa boda.

Kwa hiyo bonyeza ile hozi nene ya juu kwa kitambaa kinene. Ikiwa ngumu, bado kuna presha, rudi ukakae. Ikilainika, zungusha kifuniko mpaka kituo cha kwanza, ngoja msiisi uishe, ndipo umalizie.

Maji ya kuongeza yamwage polepole, injini ikiwa imeshapoa. Maji baridi yakikutana ghafla na chuma cha moto, chuma kinaweza kupasuka. Maji ya kunywa ya chupa yanatosha kwa dharura. Usiondoke kabla hujajua ya mwanzo yalikwenda wapi. Kama yanamwagika chini kwa kasi unayoyajaza, unachohitaji ni brekidauni, gari la kukuvuta.

Gereji iko mita 500 mbele. Nisifike tu?

Usifike. Silinda hedi (kichwa cha juu cha injini) ya magari haya ni ya alumini, ikipata moto kupita kiasi inapinda na gasketi inayoziba chini yake inaachia. Kuvutwa ni gharama ya siku moja.

Yangu inamweka, haijatulia. Ina nafuu?

Kwenye Honda Fit, na nyingine zenye mpangilio huo, kumweka ni onyo kwamba joto linapanda, na kuwaka moja kwa moja ni kwamba limeshapita. Fanya yale yale niliyoeleza juu. Nafuu yake ni kwamba umeambiwa mapema.

Injini ilichemsha mpaka ikafa na taa nyekundu haikuwaka kamwe. Inawezekanaje?

Inawezekana kabisa, na ni jambo ambalo ningeliandika kwa rangi kwenye kila dashibodi kama ningeruhusiwa. Taa haijui lolote kuhusu injini. Inajua ilichoambiwa na sensa, na sensa ni kichwa kidogo cha chuma kilichozamishwa kwenye maji. Kinapima maji. Hozi ikipasuka na maji yote yakamwagika ndani ya kilomita mbili, kile kichwa kinabaki kikining'inia hewani. Chuma kinaungua, sensa haina cha kupima, dashibodi imetulia kama kawaida.

Ndiyo maana taa ya joto haichukui nafasi ya macho yako. Kuna ishara nyingine zinazokuja: harufu tamutamu ya kulanti (maji maalumu ya rejeta), gari kupoteza nguvu mlimani, hita iliyokuwa na moto kuanza kupuliza baridi ghafla, mlio wa kugonga kama mawe kwenye kopo. Ila tiba ya kweli ni kuangalia maji injini ikiwa baridi. Tazama tanki la akiba, lile la plastiki jeupe pembeni, maji yawe kati ya LOW na FULL. Gari jipya kwako liangalie kila asubuhi kwa wiki mbili za kwanza. Piga alama kwa kalamu ya wino mzito mahali yalipoishia. Yakishuka, hata kidogo, kuna pa kutokea. Mara moja moja fungua na kifuniko cha rejeta chenyewe, likiwa baridi kabisa, kwa sababu tanki linaweza kuwa limejaa na rejeta ni tupu kama kifuniko hakivuti.

Kwenye transiti tulikuwa tunaangalia maji Mtito Andei, tunaangalia tena kabla ya kuanza kupanda kwenda Timboroa. Hilo liweke akilini ukiwa bondini: gari unaloliona limeoshwa na kupakwa rangi matairi limetoka usawa wa bahari, likapanda kupita mita 2,500, likashuka hadi mpakani Malaba na kuendelea, zaidi ya kilomita 1,100 kwa jumla mpaka Kampala. Wengine walikuwa wanaangalia maji. Wengine walikuwa wanawahi.

Kwenye foleni ya Jinja Road joto linapanda, nikishapita Mukono linashuka. Ni nini?

Feni, kwa kawaida. Ukiwa kwenye kasi upepo unapita wenyewe kwenye rejeta. Ukisimama Nakawa dakika 20, feni peke yake ndiyo upepo. Jaribu hivi: injini inawaka, gari limesimama, washa AC. Feni inatakiwa ianze kuzunguka. Isipozunguka, anza na fyuzi na rilei (swichi ya umeme inayowasha feni) kabla ya kununua mota. Gari lenye feni mbili linaweza kuwa na moja iliyokufa siku nyingi, na hakuna aliyegundua kwa sababu nyingine inavuma.

Ukikuta feni inazunguka muda wote tangu ugeuze ufunguo, hata asubuhi kwenye baridi, fuata waya zake kwa macho. Huenda fundi ameziunga moja kwa moja. Si hatari ya leo, ila ni kama ile habari ya thamostati: kuna kitu kilichofanya aone hivyo ndivyo rahisi.

Ugonjwa ukiwa kinyume, yaani kwenye foleni liko salama na likichemka ni kwenye kasi au mlimani, basi tazama rejeta iliyoziba ndani, pampu ya maji, au mkanda unaoteleza. Kuziba nje pia kupo. Vumbi letu jekundu likikutana na mafuta na senene waliogongwa usiku, linajenga ukuta kati ya kondensa ya AC na rejeta. Ioshwe kwa maji ya nguvu ndogo, kutoka upande wa injini kwenda nje. Vijana wa kuoshea magari wakipiga ile mashine ya presha karibu, wanalaza mapezi yote ya alumini na kazi inakuwa imeharibika zaidi.

Nitie maji ya bomba au kulanti?

Kulanti. Najua utasema Uganda hakuna barafu. Kazi ya kulanti si kuzuia barafu tu. Inainua kiwango cha kuchemka na inazuia kutu. Kampala iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na kwa mwinuko huo maji ya kawaida kwenye sufuria huchemka karibu na digrii 96. Kabale ni karibu 93. Ongezea kifuniko cha rejeta chenye spring'i iliyolegea, na una injini inayochemsha bila kuwa na ubovu mwingine wowote. Kifuniko kizima kinashikilia presha inayosogeza kuchemka hadi kwenye 115 huko. Namba yake imeandikwa juu, 0.9 au 1.1 kwa magari mengi ya Kijapani. Nunua chenye namba ile ile.

Toyota za miaka ya karibuni hutoka kiwandani na kulanti ya waridi ambayo hudumu muda mrefu: mabadiliko ya kwanza ni kilomita 160,000 au miaka 10. Tangu 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe, na wengi wananunua yanayokaribia hapo. Piga hesabu. Hata kama hakuna aliyegusa chochote, maji hayo yameshachoka. Badilisha yote wiki ya kwanza. Usichanganye rangi kwa kubahatisha. Rangi si kipimo rasmi, na baadhi ya kulanti zikikutana zinaganda kama uji. Kulanti iliyo tayari itie kama ilivyo. Iliyo nzito changanya nusu kwa nusu na maji ya betri, yaani yaliyochujwa madini. Iliyomwagika ioshe, maana ni tamu na ni sumu. Mbwa na watoto huilamba.

Ukifungua rejeta ukakuta maji ya rangi ya udongo, huyo alikuwa anatia ya bomba. Ukikuta chembechembe zinazong'aa au utelezi wa ajabu, kuna dawa ya kuziba tobo ilimwagwa humo. Yai bichi nalo nimelikuta, si utani.

Taa ya njano yenye umbo la injini nayo ni ya joto?

Si lazima. Hiyo inawaka kwa mambo mengi, kuanzia plagi hadi kifuniko cha tanki la mafuta. Lakini huenda ikawa ya joto: P0128 niliyoitaja, P0117 na P0118 za saketi ya sensa ya maji, P0217 ya injini kupata moto kupita kiasi. Soma kodi kwanza. Ukimlipa mtu aifute bila kusoma, umelipa kuzibwa macho.

Na ile nyekundu inayofanana na birika linalodondosha tone si ya maji, ni ya presha ya oili. Ikiwaka ukiwa mwendoni, zima injini hapo hapo. Hiyo haina mambo ya kuiacha ikinguruma.

Fundi anasema ni sensa tu, tubadilishe. Nimwamini?

Mwambie akuonyeshe. Injini ikiwa imelala usiku kucha, sensa nzima husoma karibu na joto la hewa, tuseme 20 na kitu kwa Kampala. Washa uangalie inavyopanda: polepole, bila kuruka. Inayoruka kutoka 60 hadi 110 na kurudi ni sensa au waya. Inayopanda kwa utulivu mpaka 112 inakusemea kweli, na kubadilisha sensa ni kumfukuza mtoa habari.

Wiki hii naenda Kabale na familia. Gari nimelinunua Jumatatu.

Ahirisha, au nenda na basi. Kama huwezi, angalia maji alfajiri, ondoka mapema, punguza AC kwenye vilima vya kuingia Kabale, na tumia giya ya chini badala ya kukanyaga mafuta kwenye giya ya juu. Giya ya chini inazungusha pampu na kusukuma maji zaidi. Beba lita tano. Simama Mbarara, uliache lipoe, uangalie tena.

Nitajuaje kama gasketi imeshaondoka kabla sijanunua?

Fika asubuhi kabla hawajawasha. Waambie simuni kwamba wasiliguse, na ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, waulize wana haraka gani. Fungua kifuniko cha oili: utando wa rangi ya kahawa ya maziwa ni maji ndani ya oili, ingawa kidogo cha unyevu kwa gari la safari fupi si hukumu. Fungua rejeta, washa injini, tazama maji. Mapovu yasiyokoma baada ya dakika chache ni moshi wa silinda unaoingia kwenye maji. Moshi mweupe mzito kwenye eksozi ambao hauishi injini ikishapata moto ni maji yanayoungua. Na hozi ya juu ambayo imekuwa ngumu sekunde chache tu baada ya kuwasha injini baridi, hiyo mimi sihitaji ushahidi mwingine.

Kisha liendeshe nusu saa, foleni iwemo. Mzunguko wa dakika tatu ndani ya bondi hauonyeshi kitu.

Prius na hybridi nyingine je?

Zina mambo mawili ya ziada. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa uendeshe mota, ina maji yake na tanki lake dogo, kwa hiyo angalia matanki mawili. Betri kubwa hupozwa kwa hewa inayovutwa ndani ya gari kupitia tundu karibu na kiti cha nyuma, na vumbi au koti lililotupwa hapo huliziba. Prius za kuanzia 2009 zina pampu ya maji ya umeme isiyo na mkanda, ikifa haitoi mlio wowote. Onyo kwenye skrini linaweza kuwa la Kijapani; elekeza kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri usome kabla ya kumwita mtu.

Muuzaji anasema akishanikabidhi ufunguo hahusiki tena. Ni sawa?

Kabla ya kusaini agirimenti, omba iandikwe kwamba gari halichemshi na kwamba thamostati na feni zipo kama zilivyotoka kiwandani. Wengi watakubali bila neno. Anayekataa sentensi hiyo moja ameshakujibu.

Nikizima gari, feni inaendelea kuzunguka peke yake. Niite fundi?

Kuna magari yalivyoundwa ndivyo. Inamalizia joto na kuzima yenyewe baada ya muda mfupi. Ikizunguka hadi betri ife, rilei imeganda, ita fundi. Kwa vyovyote usiingize mkono pale eti kwa sababu ufunguo uko mfukoni.